Beti za Jiwe la Baba

Kwetu Garona, Jumanne baada ya Pasaka

Kwa mdogo wangu Maurenti,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, pamoja na hizi soksi mbili za sufu. Najua huko kwenu kaskazini baridi haijui kama Pasaka imepita. Mimi sijambo, mbuzi hawajambo, paa la jikoni ndilo linaloumwa. Wewe je? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa mbele ya wakubwa?

Baba ndiye sababu ya barua hii. Usishtuke, hajafa. Angekuwa amekufa ningeanza na hilo. Lakini tangu majira ya baridi miguu yake imevimba na hashuki tena kwenye mizabibu ya askofu. Tunamweka kwenye kiti mlangoni, naye anawafokea wanaopogoa akiwa hapo hapo. Sauti haijavimba, ipo vile vile.

Juzi aliniita. "Eufrasia," akasema, "mwandikie yule mtoto. Nataka beti za jiwe langu la kaburi." Nikamwambia aache maneno ya kufa. Akanikazia macho, yale macho yake ya darasani unayoyajua. "Nimesema nakufa? Nimesema nataka beti. Nataka kuzisoma mwenyewe. Mtu akishazikwa hawezi kusahihisha."

Habari zako zinafika huku, usifikiri tumelala. Tunasikia unawaandikia makaburi majemadari na wake zao. Mchuuzi wa chumvi alituambia hata mbwa wa malkia alipokufa ulimtungia beti kumi na mbili. Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kama mbwa kapata kumi na mbili, mimi anipe sita tu. Lakini ziwe nzuri."

Nakujua, mdogo wangu. Usiniambie kesho. Baba anataka kuzisoma akiwa hai, na sijui ana muda gani.

Ni mimi dada yako,
Eufrasia

*

Nyumba ya mfalme, kando ya mto Mosela, siku ya kumi na sita ya Mei

Dada mpendwa,

Salamu zako nimezipokea, na soksi zimenifikia. Niko nazo miguuni ninapoandika. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Natumaini miguu ya Baba imepungua, na kwamba paa limepata dawa.

Mwambie Baba ombi lake nimelisikia, na litatimizwa. Ila sasa hivi mikono yangu imejaa. Binti wa mfalme anaolewa, na nimeagizwa utenzi wa beti mia moja na ishirini utakaosomwa karamuni. Huwezi kuamini jinsi kazi hii ilivyo ya ajabu. Mfalme wetu ni mtu mwema, mkarimu, hodari wa kuwinda nguruwe mwitu, lakini Kilatini chake kinaishia kwenye "amina". Anakaa kwenye kiti kama walivyokaa watawala wa Roma, anatikisa kichwa, na kila mtu ukumbini anajitia kuamini kwamba anaelewa. Hakuna anayethubutu kumtafsiria, maana kumtafsiria ni kusema hajui. Basi mimi nimejifunza ujanja. Kila baada ya beti kumi natia jina lake. Akilisikia anaamka, anapiga makofi, na ukumbi mzima unapiga naye.

Na mimi siruhusiwi kusema naye ila kwa beti. Ndiyo desturi. Mwenye kesi anapitia kwa mwamuzi, mwenye farasi mgonjwa anapitia kwa mkuu wa zizi, mshairi anaimba. Ragnulfo, msimamizi wa nyumba, hunitania kwa Kifaranki, lugha ya mfalme na watu wake: "Wewe ndiye ndege wa pekee hapa anayekula nyama." Simlaumu. Nimenenepa.

Lakini leo asubuhi, nikitafuta neno la kumsifia bibi harusi, nilijikuta nagonga sakafu kwa kisigino. Mguu mzito, miepesi miwili. Mguu mzito, miepesi miwili. Nikakumbuka lile hodhi la mawe, sisi wawili tumekunja nguo mpaka mapajani, tunakanyaga zabibu, na Baba amekaa ukingoni anaimba beti za zamani na kutupigia makofi kwenye silabi ndefu. Ukikosea, unarudi mwanzo wa mstari. Shule ilikuwa imefungwa, wanafunzi wamebaki wawili, na wote wawili ni watoto wake. Hivi aliumia kiasi gani siku ile walipoyauza yale madawati? Sijawahi kumuuliza.

Harusi ikiisha tu, namwandikia. Nakuapia.

Mdogo wako,
Maurenti

*

Garona, siku ya tano ya Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo, ingawa Baba ameanza kulala mchana. Nakuandikia haraka kwa sababu mchuuzi wa chumvi ameshapakia na ananinunia.

Jiwe limepatikana. Lilikuwa kwenye bafu la zamani la Waroma, lile lililoanguka, ambapo tulikuwa tunawinda mijusi. Fundi Gundo amelilainisha, limelazwa uani, na kuku wanalilalia. Gundo hasomi, lakini ukimwekea maandishi mbele yake anayachonga vile vile yalivyo bila kupotea hata kistari. Kila asubuhi Baba anamuuliza, "Umeshapewa kazi?" Gundo anajibu, "Bado, mzee, mwanao anawapamba maharusi." Wanacheka wote wawili. Mimi sicheki.

Macho yake... nisikufiche, jicho la kushoto halioni tena. Limebaki la kulia.

Fanya hima.

Dada yako,
Eufrasia

*

Nyumba ya mfalme, siku ya ishirini na nne ya Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana

Dada mpendwa,

Salamu kwako na kwa Baba. Mimi mzima. Harusi imekwenda vizuri, mfalme alipiga makofi mara kumi na mbili.

Haya hapa, kama nilivyoahidi. Nimemtungia beti nane, zimezidi sita alizoomba. Zinaanza hivi, kwa maana yake:

*Amelala hapa ngao ya watu wake, nguzo ya nchi,*
*mkono uliomwaga dhahabu kwa wajane na yatima;*
*kwa nasaba aling'ara, kwa upole aling'ara zaidi;*
*dunia inamlilia, mbingu imejipatia nyota.*

Nyingine zimo kwenye ngozi ya kuandikia. Mpe Gundo achonge herufi kubwa, na aache nafasi ya msalaba juu. Mwambie Baba mizani nimeikagua mara mbili.

Mdogo wako,
Maurenti

*

Garona, siku ya kumi na mbili ya Julai

Maurenti,

Salamu. Sisi tupo.

Nilimsomea Baba beti zako jioni ile ile zilipofika. Alitaka kuzisoma mwenyewe, lakini jicho lilikataa, basi alifumba yote mawili na kuhesabu kwa vidole juu ya goti. Zote nane. Hakukuta kosa. Akasema, "Mizani iko sawa." Nilianza kufurahi.

Kisha akaniuliza, "Ni nani huyu?"

Nikamwambia, "Ni wewe, Baba."

"Mimi lini nimemwaga dhahabu kwa wajane? Mjane pekee ninayemjua ni wewe, na nimekupa nini zaidi ya mbuzi wawili? Nasaba gani iliyong'ara? Babu yako alikuwa anasuka vikapu." Halafu akasema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoumia: "Ni beti nzuri. Mrudishie mwenyewe."

Ni za nani, Maurenti? Ni za yule jemadari aliyekufa mwaka juzi, au za askofu? Uliwapangusa majina ukaandika la Baba, Ursino, juu yake, siyo? Mimi pia nilikanyaga zabibu katika hodhi lile. Mimi pia nasikia mguu ukiwa wa mtu mwingine. Umeshindwa kweli kumpa baba yako beti sita zake mwenyewe?

Amemwambia Gundo jiwe liachwe tupu. Hali ugali wa shayiri tena, anakunywa supu tu. Kama huwezi kuandika, njoo. Siku kumi na nane za njia si mwisho wa dunia. Omba ruhusa uje.

Eufrasia

*

Nyumba ya mfalme, siku ya nne ya Agosti

Dada yangu,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Natumaini barua hii itamkuta Baba bado yupo kwenye kiti chake.

Zilikuwa za jemadari. Ulijua, na yeye alijua. Nilizitunga kwa siku moja miaka miwili iliyopita, na nikadhani kwa umbali huu hazitatambulika. Naona haya, Eufrasia. Naona haya kuliko nilivyowahi kuona tangu nizaliwe.

Tangu nilipopata barua yako nimejaribu. Naketi na ubao wa nta, naandika mstari, naufuta. Nikiandika "mwema", naona sura ya mkuu wa hazina niliyemwita mwema wakati kila mtu anamjua. Nikiandika "mpendwa", namwona yule mbwa. Maneno yangu yote nimeshawavika watu wengine, na sasa sina jipya la kumvika Baba. Miaka kumi na tisa nawavisha watu vilemba vya ukoka, na malipo yake ndiyo haya.

Basi nimeacha beti. Nakuandikia maneno matupu, umsomee.

Mwambie namkumbuka akiwa na miche ya mizabibu chini ya kwapa, anasema nayo kama wanafunzi wavivu. Mwambie namkumbuka siku ile niliyoanguka kwenye hodhi nikiwa na miaka sita, nikatoka mwekundu mwili mzima, akaniosha kisimani huku ananiimbia mstari ule niliokosea, ili nisilie. Mwambie nakumbuka kwamba kulipokuwa na chestinati chache, zile njugu za msituni, alisema hazipendi, na tuliamini, mpaka nilipomwona peke yake nyuma ya pipa anatafuna maganda tuliyotupa. Sikumwambia mtu. Aliwafundisha watoto wake kuhesabu kwa miguu kwa sababu hakuwa tena na wino, na hakutulalamikia hata siku moja kwamba wino umekwisha. Kila nilichokula katika nyumba hii ya mfalme nimekila kwa miguu ile. Sijawahi kumwambia asante. Mwambie.

Kuhusu kuja. Nimeomba ruhusa. Nilitunga beti thelathini, pengine ndizo bora nilizowahi kutunga, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nasema kweli. Nilimweleza mfalme juu ya baba anayezeeka kando ya mto wa mbali na mwana aliyefungwa kwa minyororo ya wema wa bwana wake. Jina lake niliweka mara tatu, kwa heshima. Jana nilisimama mbele yake ukumbini nikazisoma mpaka mwisho. Waandishi wawili wanaojua Kilatini walikuwa wanatazama viatu vyao. Mfalme akapiga makofi. Akasimama, akavua joho lake la manyoya ya mbweha, akanivika mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Hakusema neno juu ya safari. Ragnulfo akanishika mkono tukitoka: "Hongera, bwana! Mimi mwaka jana nilipata mkanda tu."

Hivyo ndivyo wanavyokataa wakubwa, dada. Wanakupa kitu kizuri na kutazama pembeni. Sina la kufanya. Nitaomba tena msimu wa mavuno ukipita.

Msomee Baba pole pole. Ukifika kwenye chestinati usilie, hatapenda.

Mdogo wako,
Maurenti

*

Garona, siku ya kumi ya Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu, na pole. Keti kwanza.

Baba ametutoka siku ya pili ya mwezi huu, asubuhi, watu wakinoa visu vya kuvunia. Hakuteseka. Aliuliza kama zabibu za upande wa mteremko zimeiva, nikamwambia bado siku tano, akasema, "Sita." Alikuwa sahihi. Tulizivuna siku ya sita, bila yeye.

Barua yako ilifika Agosti ishirini na nne, na aliisikia yote. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kujilaumu. Nilimsomea mara tatu kwa siku tatu, maana aliniambia niirudie. Mara ya kwanza alikatiza mahali pamoja tu. "Amekosea," akasema. "Hakuanguka kwenye hodhi. Wewe ulimsukuma." Ni kweli, nilikusukuma. Nilidhani hakuna aliyeona. Kwenye chestinati nililia, nisikufiche, na yeye alinipiga kidogo kwenye mkono akasema, "Soma, soma. Hata hivyo maganda yalikuwa machungu."

Nilipomaliza aliichukua barua akaiweka gotini. Halafu akasema, "Huyu sasa namjua. Na huyo aliyeandika pia namjua. Nilidhani amepotea huko."

Akamwita Gundo. Hakutaka beti. Alichagua mwenyewe maneno kutoka kwenye barua yako, na niliyaandika kwa mkono wangu Gundo ayafuate: *Hapa ni Ursino. Aliwafundisha watoto wake kuhesabu kwa miguu.* Nikamwambia, "Baba, hii haina mizani hata kidogo." Akanijibu, "Nimesikia. Iache hivyo hivyo." Aligusa herufi za kwanza kwa kidole Gundo alipozimaliza. Zilizobaki zilichongwa baadaye.

Nyumba imekuwa kubwa. Kiti bado kipo mlangoni, kila anayepita anakisalimu kwa mazoea, kisha anakumbuka.

Kuna jambo moja limebaki, na nilimwahidi kulifikisha. Siku mbili kabla ya kufa alinirudisha kwenye habari ya mfalme. Aliniambia nisome tena pale ulipovikwa joho. Kisha akasema, "Haiwezekani. Mfalme naye alizaliwa na mtu. Mtu hamnyimi mwenzake kumwona baba yake, halafu akamvika nguo yake mwenyewe. Mwambie mtoto akamuulize tena." Nikamwambia, "Baba, mfalme amekataa." Akasema, "Mwambie akamuulize tena. Na safari hii asiimbe."

Sikuelewa alichomaanisha. Nakufikishia kama alivyosema.

Dada yako anayekulilia,
Eufrasia

*

Njiani, nyumba ya wageni ya watawa, siku ya saba ya Oktoba

Dada yangu,

Salamu nakutumia mbele, mimi nafuata. Hali yangu ni ya mtu aliyefiwa aliye juu ya farasi. Mtawa mmoja anateremka kwa mashua leo na atanitangulia, kwa hiyo nakuandikia ili usinione ghafla mlangoni ukaogopa.

Nilifanya alichosema Baba. Siku ile ile barua yako iliponifikia niliingia ukumbini bila ubao, bila ngozi, bila kunyoa. Watu walikuwa wanakula. Nilipiga goti mbele ya mfalme, na nikasema kwa Kifaranki, Kifaranki changu kibovu cha jikoni na zizini, ambacho sijawahi kukitamka mbele yake kwa miaka kumi na tisa. Baadhi walianza kucheka. Nilisema, "Bwana wangu, baba yangu amekufa. Naomba kwenda nyumbani."

Mfalme akaweka kisu chini. "Alikuwa mgonjwa?"

"Tangu majira ya baridi."

"Tangu majira ya baridi! Na wewe umekaa hapa unaniimbia?"

"Nilikuomba ruhusa, bwana wangu. Mwezi wa Agosti. Ulinivika joho."

Wale waandishi wawili wakatafuta tena viatu vyao. Niliona wekundu ukimpanda mfalme kutoka shingoni mpaka kwenye nywele, na nikajua nimefanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika nyumba ile. Nilidhani ataniadhibu. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akasema kwa sauti ndogo, lakini wote walimsikia:

"Nilidhani unanisifu."

Kisha akasema, "Mbona hukuniambia hivi? Mbona hukuniambia tu? Ningekupa farasi siku ile ile."

Alikuwa analia. Yule mtu mkubwa. Baba yake alikufa vitani yeye akiwa mbali, alinieleza pale pale mbele ya watu, na nimeishi naye miaka kumi na tisa bila kulijua. Siwezi kumkasirikia, dada. Yeye alificha kwamba haelewi, mimi nikamfichia, na wote wawili tulidhani hiyo ndiyo heshima. Farasi niliye naye ni wake, ametoka kwenye zizi lake mwenyewe. Hatembei, anaruka.

Siku nzima njiani nafanya hesabu moja, na siwezi kuiacha. Nilisimama mbele yake Agosti tatu. Kama ningeondoka kesho yake, kwa mwendo wa kawaida tu, ningefika Agosti ishirini na mbili. Baba amekufa Septemba mbili.

Siku kumi na moja. Ningekaa naye siku kumi na moja.

Mdogo wako,
Maurenti